Mkwe Ambaye Hajaingizwa

Kasonde alikuwa amechuchumaa nyuma ya mti wa mwegea, suruali mpya ya kaki ikimkaba tumboni, akiwatazama watu wengine wakila chakula chake.

Kilikuwa chake kweli. Kaka wa mkewe alikuwa amewalipia kila kitu: hema lenye bafu, viti vya kutazamia viboko mtoni Luangwa, na milo mitatu kwa siku. Ila shemeji huyo alikuwa amemlipia na mama yake mzazi. Na loji ile, pamoja na ufahari wake wote, ilikuwa na meza moja tu ndefu ambapo wageni wote hula pamoja.

Kwa Wabemba wenzake wa kaskazini mwa Zambia, mwanamume hali mbele ya mama mkwe mpaka wakwe wamwingize rasmi, kwa sherehe na kwa vyakula vyao. Kasonde alikuwa na miaka saba ya ndoa na hajaingizwa. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Isitoshe, alikuwa ameandika gazetini makala mbili ndefu kueleza kwamba mila hizo zimepitwa na wakati. Sasa mwandishi huyo shupavu alikuwa na siafu kwenye soksi.

"Ukila mbele ya mama kabla hujaingizwa, mimi kwetu Kasama sirudi tena," mkewe Lombe alimwambia siku waliyofika. "Nitawatazamaje shangazi zangu?"

"Nitajitahidi nisionekane."

"Na huo mwili?"

Kwa miaka saba alikuwa amemheshimu mama mkwe kwa kutazama chini. Mama alipokuja mjini, Kasonde alihamia kwa rafiki. Walipokutana njiani, aliingia majanini. Angetakiwa na polisi aeleze sura ya mama huyo, angetaja kitambaa cha kichwani na basi. Lakini hapa polisi hawakuhitajika. Mezani mwanamke wa umri ule alikuwa mmoja tu, yule wa kofia pana, aliyekaa ubavuni pa Lombe wakicheka.

Kofia ilipokuja barazani, Kasonde alitoka kwa dirisha la maktaba. Kofia ilipopanda boti, aliruka ufukweni, mguu mmoja ukaingia majini, na mwongozaji wao, Sakala, akamvuta kwa mkanda kabla mamba hawajapata habari.

Sakala alikuwa Mngoni, kwa hiyo mtani wake halali. "Mbemba anaikimbia boti?" aliuliza. "Ndivyo babu yako alivyomkimbia babu yangu."

"Hatukuwakimbia. Mlikuwa mnanuka panya mnaowala."

Siku ya pili adhuhuri, Lombe aliingia hemani amenyong'onyea. "Mama hali. Anasema chakula cha hapa hakina ladha, tangu jana ameonja tu. Naogopa ataumwa."

Kasonde, ambaye muda si mrefu alikuwa ameiona kofia ikiongezewa kuku kwa mara ya tatu, alimpa pole kwa heshima. Yeye mwenyewe tangu jana alikuwa amekula biskuti nne. Pakiti iliyobaki tumbili walimpora mkononi, na aliomba Mungu Sakala asilijue jambo hilo.

Saa kumi jioni njaa ilimshika masikio ikamburuta hadi nyuma ya jiko la wafanyakazi. Mama mmoja mtu mzima, mwenye gambuti na kitenge kilichofungwa kifuani, alikuwa amekalia kreti akisonga ugali, huku wapishi wawili vijana wakimtazama kama wanafunzi.

Aliikagua kaki ya Kasonde toka juu hadi chini. "Wewe ni wa bustani au wa maboti?"

Kasonde alijitazama. Tangu afike, wageni watatu walikuwa wamempa mabegi awabebee. "Wa maboti, mama," alisema, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kubishana.

"Mbona unatetemeka? Hawawalishi humu? Nawa, ukae."

Kulikuwa na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, na viwavi vya kukaanga. "Hivi nimekuja navyo mwenyewe kutoka kwetu kaskazini," alisema yule mama. "Watu wa huku ukiwaonyesha wanapiga mayowe."

Walikula sahani moja, tonge kwa tonge. Kasonde aliona machozi yanamlenga na hakuona haya. Hata kwenye harusi yake hakuwahi kula hivi.

"Una mke?"

"Ninaye, mama."

"Mlete nimfundishe kupika hivi."

"Ataudhika. Anasema hakuna anayempita mama yake kwa kupika."

"Basi kalelewa vizuri," alisema yule mama, akamsogezea viwavi vilivyobaki.

Hapo ndipo kofia pana ilipotokea njiani, ikitembea taratibu kupunga upepo. Kasonde alijikunyata nyuma ya bega la yule mama, shavu limejaa. Mama hakuuliza kitu. Alijitanua tu, akamziba, na kofia ikapita kuelekea mtoni.

"Asante," alinong'ona Kasonde.

"Kula. Kila mtu ana mtu wake wa kumkwepa."

Alikuwa akimega tonge jingine, na mkono wa mama uko sahanini pamoja na wake, Lombe alipotokea kwenye kona ya jiko na kusimama ghafla. Kasonde alimkonyeza, akaonyesha kwa kidevu kule kofia ilikoishia, kumwambia kwamba hatari imepita.

Lombe hakumtazama yeye.

"Mama," alimwambia yule mama wa gambuti, "toa mkono kwenye hiyo sahani. Huyo ni mume wangu, mkweo."