Nakala ya Siku ya Kwanza

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Ijumaa saa nane mchana. Jumamosi asubuhi, kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema maishani mwake, alikuwa akiwasimulia wateja jinsi mzee anavyokufa mwishoni.

Mkata tiketi aliyasikia hayo akiwa anapita. Hii ilikuwa filamu ya nne kuibwa namna hiyo. Siku ya kwanza mtu anaingia, anairekodi gizani kwa simu, na kesho yake nakala imeshasambaa mji mzima. Meneja alikuwa amekwishawaonya: ikivuja nyingine, ukumbi unafungwa. Na yeye, kwa miaka kumi na mitano, ndiye aliyekaa nyuma ya kile kioo chenye tundu, akijua nani anapenda kiti cha pembeni na nani anakuja kusinzia tu.

Marafiki zake wa kufa na kuzikana walikuwa wawili, Mwalimu na Fundi simu, wote alisoma nao darasa moja. Mchana walibanana naye kwenye kibanda cha tiketi, magoti yakigusana, wakila na kubishana kuhusu filamu.

"Filamu ni ukumbini," Mwalimu alizoea kusema, amevaa koti lake kama kawaida, asijali joto. "Unacheka na watu usiowajua, unalia nao. Kwenye simu hata jini linaonekana kama panya."

"Mimi nikibanwa naisimamisha, naenda chooni, narudi," Fundi simu alikuwa akijibu. "Nyie endeleeni kujikunja kwenye viti mpaka majina yaishe."

Mkata tiketi alikuwa akicheka mpaka chai inamtoka puani. Lakini siku zote alikuwa upande wa Mwalimu, mtu ambaye hakukosa siku ya kwanza ya filamu yoyote: safu ya nyuma, kiti cha katikati. Ile Ijumaa, baada ya kukata tiketi ya mwisho, naye aliingia akaketi kando yake. Mzee wa kwenye filamu alipoanza kumwita bintiye, machozi yalimshinda mkata tiketi, akayasema ya moyoni ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mwalimu alimshika mkono mpaka taa zikawaka.

Jumanne meneja alibandika karatasi mlangoni. Wiki mbili, kisha ukumbi unafungwa. Wafanyakazi sita waliisoma, wakatazamana.

Mkata tiketi hakuhitaji kupiga ramli. Nani mtaani huwajazia watu filamu kwenye simu? Alikwenda moja kwa moja hadi dukani kwa Fundi, akamkuta na wateja watatu.

"Umemtuma nani akurekodie?"

Fundi aliweka bisibisi chini. "Dada, tukae pembeni tuongee."

"Hapa hapa! Wote wasikie!"

"Ile nakala sijamwekea mtu hata mmoja. Waliokuja nayo nimewasihi waifute."

"Ooh! Na huruma hiyo imekuanza lini?"

 Fundi aliwaangalia wateja wake, akamrudia yeye, akateremsha sauti. "Wewe umeshaitazama?"

"Nitazame wizi wako? Macho yangu sijayaokota jalalani."

"Basi usiitazame. Nakuomba, dada. Kwa miaka yote tuliyojuana, usiitazame."

Hapo ndipo mkata tiketi alipopata hakika. Mtu asiye na kosa angesema njoo tuiangalie pamoja, huyu anaficha. Kofi lilimtoka kabla hajalipanga. Fundi hakuinua mkono hata kujikinga. Aliinama tu, akaokota miwani yake iliyoanguka, na mkata tiketi akampa mgongo.

Nje alimkuta Mwalimu akimngoja.

"Sikutaka kuwa wa kwanza kulisema," Mwalimu alimwambia taratibu. "Inauma mtu uliyekula naye sahani moja akikuuza hivi. Mwache. Si mwenzetu tena."

Akamsindikiza mpaka kwake, hatua kwa hatua, kama mtu anayemtoa mgonjwa hospitali.

Uani majirani walikuwa wanaanika nguo na kupiga soga. Alipopita, mazungumzo yalikatika. Aliona ni ile habari ya kofi, imemtangulia nyumbani. Aliingia ndani, akajaribu tena kumpigia mdogo wake. Tangu wamzike baba yao hawakuwahi kupitisha siku bila kujuliana hali, lakini tangu Jumapili simu ilikuwa inaita tu. Ana shughuli, alijiambia. Safari hii pia haikupokelewa.

Baada ya muda mfupi ukaingia ujumbe kutoka kwa mdogo wake. Hakuna salamu, hakuna hata neno moja. Video tu, ya dakika moja.

Mkata tiketi aliketi kitandani, akaifungua.

Ilikuwa ile filamu. Picha ilipanda na kushuka kidogo kidogo, kama ya simu iliyochungulia mfukoni mwa koti, juu ya kifua cha mtu anayepumua. Mzee alikuwa anamwita bintiye. Kisha, ikiyafunika maneno ya mzee, karibu kabisa, ikaja sauti ya mwanamke anayelia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Baba alinipigia mara saba siku ile anakufa. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimemchoka. Niliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza. Mdogo wangu nilimwambia ilikuwa imeisha chaji."

Halafu sauti ya mwanamume, karibu zaidi, ya upole:

"Sema tu, sema yote. Humu nani atakusikia?"