Hapo Pasiwekwe Kiti

Tusekile alipiga magoti kando ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akachimba kwa panga kama mwizi.

Tumbo la miezi saba lilimzuia kuinama vizuri, lakini muda wa kujionea huruma hakuwa nao. Kule bondeni, ng'ambo ya mashamba ya kahawa, tarumbeta za kanisa zilikuwa zimeshaanza kulia. Mchungaji alikuwa njiani kuja kuibariki nyumba, na waumini nyuma yake. Gibson, mume wa Tusekile, alikuwa ametangulia barabarani kuwapokea. Mama yake Gibson, Bibi Tabita, alikuwa kwa jirani kuazima vikombe vya chai.

Ibada hii aliiomba Tusekile mwenyewe. "Nataka Mungu aingie humu kabla mtoto hajaingia," alimwambia mumewe, na Gibson hakubisha. Wote wawili walijua alikuwa anaogopa nini.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa pasipo kulia. Tusekile hakumwona. Homa ya uzazi ilimchukua, na alipopata fahamu, kina mama wa kijiji chao cha Isansa walikuwa wameshamaliza kila kitu. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile tena. Naye hakuuliza, mambo hayo mzazi haulizi.

Aliulizia kisweta tu. Alikifuma yeye, cha njano, kwa uzi alioletewa kutoka Tunduma. Vifungo vilipompungukia, mahali pa kile cha juu kabisa alishona kifungo kikubwa cheusi cha koti la Gibson, wakacheka wote. Alikiacha sandukuni. Sasa hakikuwemo.

"Achana nacho, mwanangu," Bibi Tabita alimjibu, macho yakiwa pembeni. "Utafuma kingine."

Frida, jirani yake, ndiye aliyemtia sumu sikioni. "Nguo ya mtoto haipotei hivihivi, dada. Aliyeificha hataki uzae. Na nyumba yenye kitu mlangoni, mtaomba mpaka sauti ziwakauke, baraka zitaishia uani."

Tangu hapo Tusekile akawa na macho mengine. Alimwona mkwewe alfajiri, amechuchumaa kando ya mlango, chini ya ukingo wa bati, akinong'ona Kinyiha cha kizee ambacho Tusekile, mtoto wa Ileje, hakukipata vizuri. Siku moja Gibson aliweka kiti pale apate kivuli. "Hapo pasiwekwe kiti," mama yake akasema, akakihamisha mwenyewe. Siku nyingine Tusekile alitaka kumwaga pale maji ya ugali yaliyokuwa bado yanatoa mvuke. Kikongwe alifoka mpaka sufuria likamponyoka Tusekile mkononi.

Na juzi, aliposikia habari ya ibada, Bibi Tabita aliitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Vizuri sana. Lakini mwambie mchungaji aanzie hapo nje, kando ya mlango. Ndipo aingie ndani."

Tusekile aliwaza moyoni. Ajuza huyu anataka hata uchawi wake ubarikiwe!

Basi alichimba. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito kwa mvua ya jana. Mtoto aligeuka tumboni, akapiga teke, mama yake akatulia kidogo, akaendelea. Angemwambia nini Gibson? Kwamba mama yako ni mchawi? Neno hilo likishatoka halirudi, na nyumba ingevunjika siku ileile ya kubarikiwa. Lakini kukiacha kitu kile pale, mtoto wa pili naye azaliwe juu yake? Hapana. Alikuwa ameamua: atakitoa, atakichoma, majivu atayatupa chooni, na mchungaji atakuta udongo umesawazishwa. Chupa ya mafuta ya taa na kiberiti vilikuwa hapo kando yake.

Tarumbeta ziliingia kwenye njia ya migomba. Sasa alizisikia hata sauti za kina mama wakiimba.

Panga liligonga jiwe. Lilikuwa jiwe bapa, limelazwa kwa uangalifu, kama mtu anavyofunika chungu. Tusekile alilishika kwa mikono yote miwili, akalisukuma kando.

Chini yake palikuwa na kitambaa. Kilikuwa kimeingiwa na udongo, lakini alikijua: kilemba cheupe cha Bibi Tabita, kile cha Jumapili ya Meza ya Bwana, ambacho alisema alikisahau kanisani. Hata kilemba cha ushirika! Hasira ilimpanda Tusekile mpaka machozi yakamtoka. Aliifungua chupa kwa meno, akatoa njiti ya kiberiti. Kwa ncha ya panga akafunua kona ya kile kitambaa, apate kuona anachokichoma.

Uzi wa njano.

"Nilijua," alisema kwa sauti. "Ee Mungu wangu, nilijua!"

Akawasha njiti, akainama karibu zaidi. Kifungo cheusi cha koti kilikuwa pale juu, mahali alipokishona. Kilikuwa kimefungwa. Na cha chini yake kimefungwa, na kilichofuata pia, vyote, kwa utaratibu, hadi cha mwisho chini. Kisweta hakikuwa kitupu.

Njiti iliungua ikamfikia vidole, wala hakuitupa.

Vikombe viligongana nyuma yake. Bibi Tabita aliviweka chini, akapiga magoti matopeni kando ya mkwewe, akaipuliza ile njiti ikazimika.

"Taratibu, mwanangu," alinong'ona. "Utamwamsha."