Mshale Uliosimama Katikati

"Fungua swichi tu. Injini usiiguse!"

Mwalimu akazungusha ufunguo nusu. Kwenye dashibodi ya ile pikapu kuukuu, mshale wa geji ya joto ukaruka mpaka katikati ukatulia hapo, kama bosi aliyeketi kitini kwake.

Fundi akacheka kwa pua. Pikapu ilikuwa imevutwa kwa kamba asubuhi hiyo hiyo, kutoka kwenye mteremko ilikotelekezwa wiki mbili. Kabla ya kufungua boneti alilazimika kubandua kwa bisibisi kiota cha nyigu kilichoziba komeo. Injini ilikuwa baridi ya kuweza kuhifadhia maziwa.

"Haya mwalimu, wewe ndiye mwenye elimu. Chuma kilicholala wiki mbili kinapata wapi joto?"

"Sijui, fundi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Daktari," akamsahihisha. Mtaa mzima ulimwita Daktari, na yeyote asiyemwita hivyo alimhesabu hamnazo. Hamnazo kwake walikuwa wengi: wenye magari, madereva, na zaidi ya wote mafundi wenzake, ambao aliwaita wauza nyanya walioshika spana.

Mwalimu hakubishana. Shida yake ilikuwa moja tu. Dereva wa pikapu hii alikuwa kaka yake, tumbo moja. Gari lilichemka mlimani, silinda hedi ikapasuka, na tajiri wake akamshtaki kwa uzembe. Kesho saa tatu asubuhi angekaa mbele ya kikao cha uchunguzi. Akikutwa na hatia, kazi hana na leseni hana, na nyumbani ana watoto wanne.

"Kaka anaapa mshale haukupanda," alisema. "Hakuna anayemwamini."

Daktari alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya dashibodi. Alipotoka alishika kipande cha waya kisichozidi kidole, katikati kimeungwa kidude cha redio mbovu.

"Lo! Tazama upuuzi huu. Waya wa kutoka kwenye injini umekatwa, wakachomekea hiki ili mshale usimame katikati milele. Injini iungue, igeuke majivu, dereva anaambiwa mambo safi! Hapo kaka yako ana kosa gani? Alitaka aangalie nini, mawingu?"

Mwalimu akakipokea kile kipande, akakitazama pande zote.

Daktari akafungua themostati, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni. Ilipaswa kufunguka ili maji ya injini yapite yaende kupoa. Wakaingoja. Ikabaki imeuma meno vile vile. Akachovya kidole kwenye rejeta, kikatoka na tope la kutu. Kila alichogusa alikitolea tusi lake, na hakurudia tusi hata moja.

Tarishi wa kampuni moja ya magari akasimamisha pikipiki langoni, akampa Daktari karatasi tatu za ukaguzi. Daktari akazilaza kwenye madigadi bila kuzitazama, akachomoa muhuri mfukoni, ule uliokatika pembe tangu siku alipoutumia kugongea msumari. Akagonga mara tatu, akasaini mara tatu.

"Wenye ofisi bwana!" alifyonza, tarishi akiondoka. "Kazi yao karatasi tu. Gari hawalijui."

Mwalimu alikuwa akiutazama ule muhuri.

"Lakini kuna fundi alishalikagua hili," alisema taratibu. "Juma lililopita. Aliandika kwamba kila kitu ni kizima. Ripoti yake ndiyo wataisoma kesho."

"Alilikagua?" Daktari akaangusha spana. "Alilikagua kwa kunusa? Dada yangu, wewe mwenyewe umekiona kile kiota. Nyigu wamejenga ghorofa juu ya komeo, yeye boneti aliifungulia wapi? Huyo hata kulifikia gari hakulifikia! Kakaa kwenye kiti cha watu, kaletewa soda, kaweka sahihi. Soda moja, baba wa watu anaharibiwa maisha! Ningekuwa mimi, ningemvua ovaroli hadharani."

"Ungeweza kuyaandika hayo, Daktari?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Daktari akavimba kichwa.

"Kalamu iko wapi?"

Akaandika ameinama juu ya boneti, ulimi nje, kwa herufi kubwa. Akaandika waya uliokatwa, themostati iliyokufa, rejeta iliyojaa tope. Akaandika kwamba dereva hana kosa lolote. Mwisho, kwa raha zake, akaongeza kwamba fundi aliyetangulia hakufungua boneti, ni tapeli, na asiruhusiwe kushika gari tena maishani mwake. Akasaini. Akagonga muhuri kwa nguvu mpaka boneti ikalia.

Mwalimu akaisoma polepole, kama anayesahihisha daftari. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, na humo humo akatoa karatasi nyingine, akaitandaza mahali pale pale.

"Hii ndiyo ripoti ya yule fundi."

Daktari akaisogelea huku akicheka, ameshaandaa tusi jipya.

*Nimelikagua gari hili kwa mikono yangu mwenyewe. Geji ya joto ni nzima. Kosa ni la dereva.* Na chini yake, kwa wino wa bluu, muhuri uliokatika pembe.

"Kikao ni kesho saa tatu, Daktari," mwalimu akasema akifunga mkoba. "Njoo na ovaroli."