Foleni Yenye Mlango wa Pembeni

"Toa mkono wako kwenye kibodi yangu, shemeji, kabla sijaung'ata."

Mkuu wa kitengo cha kompyuta cha hospitali akautoa mkono haraka. Yeye ndiye bosi, tena kamwoa dada wa mama huyu mwanaprogramu, lakini asubuhi hiyo si cheo wala undugu uliomtisha yule mama. Alikuwa amefura kwa hasira.

Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango aliketi baba mmoja, kofia mapajani. Mwaka jana mwanawe alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya upasuaji wa moyo. Walipofika siku ya zamu yao wakaambiwa ni wa pili. Mtoto alifariki akingoja. Tangu hapo baba anazungushwa ofisi hadi ofisi, na kila mtu anamwambia kompyuta haikosei.

"Haikosei, inakosewa!" mwanaprogramu alimwambia. "Sogea uone. Foleni yetu imerithi kila kitu kutoka kwa Orodha. Na Orodha ni darasa la jumla, yaani kiolezo cha programu, linabeba chochote: wagonjwa, viti, viazi. Kwenye viazi ukichomeka kimoja katikati, nani atalia? Kwa hiyo Orodha ina amri ya chomeka. Sasa aliyeandika hii foleni alikuwa mvivu, akairithi na hiyo amri. Foleni gani ina mlango wa pembeni?"

"Kwa hiyo kuna mtu alichomekwa mbele ya mwanangu?"

"Na leo tutamjua."

"Shemeji, hizo ni siri za wagonjwa," mkuu alisema. Feni ilikuwa inazunguka, naye jasho linamtoka. "Iache, inafanya kazi. Twende tukanywe chai, unipe habari za binti yetu."

"Binti yangu mzima, anapanda ngazi mbio! Na alipohitaji kupasuliwa moyo mwaka jana alingoja foleni kama watoto wa wenzake. Sikumpigia mtu magoti. Ndiyo maana leo nina mdomo wa kusema."

Akampa mgongo na kuendelea kuandika, akizipiga herufi kama zimemtukana. Aliufuta ule urithi wote. Foleni mpya haikuwa tena mtoto wa Orodha. Iliiweka Orodha ndani yake na kuifungia, kama sanduku chumbani, ikabaki na njia mbili tu: kuingia nyuma na kutoka mbele.

"Sasa popote palipotumika chomeka patagoma," alimwambia baba. "Kompyuta itapaonyesha kwa rangi nyekundu. Za mwizi ni arobaini, na leo zimetimia."

"Shemeji, nakuomba," mkuu alisema.

"Muombe huyu baba, usiniombe mimi."

Akabonyeza.

Mstari mmoja tu ukawa mwekundu, kwenye faili la mkuu: chomeka, nafasi ya kwanza, kisha jina la mtoto. Lilikuwa jina alilolichagua mwanaprogramu mwenyewe, wodini, siku aliyojifungua.

Yule baba alikuwa ameinama nyuma ya bega lake, akilisoma polepole kwa sauti.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza.