Mgonjwa wa Bwana Mkaguzi

"Usilipumulie!"

Mke akarudi nyuma hatua moja na kikombe chake cha chai. Ilikuwa siku ya ishirini mumewe kupiga magoti sebuleni mbele ya tangi la kioo, akimtazama mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa tumbawe laini, ukubwa wa ngumi, umbo la uyoga. Lilitakiwa lichanue vidole vidogo vidogo, laini kama nywele za kichanga. Lenyewe likajikunja, likatoa utando, likanuna kama wifi aliyenyimwa kiti.

"Umeuziwa mzoga," mume alisema. "Tangi jipya, maji ya chumvi bado hayajatulia, na wewe unaniletea kitu kinachokata roho!"

"Nitajuaje mie? Kwani matumbawe yana vyeti vya hospitali?"

"Ungeuliza!"

"Niliuliza rangi."

Mume akashusha pumzi. Miaka thelathini na miwili ya ukaguzi wa mizani, wauza nyama wa mji mzima wakimwona wanatetemeka, halafu nyumbani kwake anaishi na mtu anayeuliza rangi.

Tangi alipewa na wenzake siku ya kumuaga kazini. Lilikaa tupu miezi miwili. Miezi hiyo Bwana Mkaguzi hakukaa bure, Mungu amzidishie. Alipima chumvi ya mkewe kwa gramu. Alibandika karatasi kwenye kila kopo, na lile la sukari akalibandika mara mbili, ya pili ikithibitisha ya kwanza. Alisimama nyuma ya jiko na saa mkononi, akihesabu dakika za maharagwe. Mwanamke aliyelea watoto sita na kupikia harusi nne akafundishwa kukata kitunguu. Bahati ilioje!

Sasa elimu yote ilihamia sebuleni. Mkaguzi alipunguza mwanga wa taa. Aligeuza pampu ili mkondo usilipige tumbawe usoni, ulibembeleze tu. Kila Jumamosi alitoa ndoo moja ya maji na kurudisha nyingine, chumvi imepimwa hadi punje ya mwisho. Alipiga marufuku kufagia kwa kishindo. Jirani aliyekuja kusalimia aliombwa anong'one, naye akanong'ona, maana mgonjwa ni mgonjwa.

Tumbawe halikutikisika.

"Lisipofunguka kufikia Jumapili," mume alisema, "tangi nalitoa. Basi tena. Nitarudi nikusaidie jikoni."

Mke akaweka mwiko chini.

"Usikate tamaa, baba. Mgonjwa hapangiwi tarehe ya kupona."

"Umeanza lini kulihurumia wewe?"

"Moyo si jiwe."

Jumamosi ile ndoo mke aliibeba mwenyewe, na mgongo wake ule unaouma.

Jumapili asubuhi ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu ikabambuka kwenye tumbawe, ikaelea. Chini yake kikachomoza kidole kimoja. Vikaja vitatu. Kufikia saa sita vilikuwa mamia, vinayumba kwa raha zao kama vile havikuwahi kumsumbua mtu. Mkaguzi akalia machozi ambayo, kwa mara ya kwanza, hakuyapima. Mkewe naye akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Limepona, mama watoto! Sasa halihitaji kitu."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Ni kulitazama tu."

Akasimama, akanyoosha magoti, akaangaza huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Kisha akanusa hewa.

"Hayo maharagwe umeyabandika saa ngapi?"

Jumatatu, duka la samaki wa mapambo lilipofunguliwa, mke alikuwa ameshafika mlangoni.

"Shikamoo, mama," muuzaji alisema kwa wasiwasi. "Lile tumbawe nilikukataza kabisa usilichukue, nilikuwa nakwenda kulitupa. Limekufa, eh?"

"Marahaba. Limepona, hata mwezi halikumaliza." Akayapita yale yaliyochanua bila kuyatupia jicho, akainama kwenye tangi la pembeni. "Safari hii nitafutie lililo hoi zaidi, mwanangu. Ila lisife."