Mbegu za Papai

Sikudhani aliweka kikopo cha choo kwenye dirisha la maabara, kikiwa ndani ya mfuko mweusi, akatabasamu. Tangu apasuliwe, akatolewa utumbo mpana na kushonewa ndani kifuko cha kutunzia choo kwa utumbo mwembamba, tumbo halikumpa raha, na kila kipimo kilitoka safi. Safari hii alikuwa ameviona mwenyewe: vidude vyeusi, tele.

"Ni minyoo, kaka. Leo wamejitokeza."

Mpimaji aliingia ndani na kikopo. Hakukawia kurudi.

"Dada, umekula papai?"

"Sijala. Mama mkwe ananimezesha mbegu zake tu, za kuua minyoo."

"Basi ndizo hizi. Zimetoka kama zilivyoingia. Minyoo hamna."

"Tazama tena, kaka. Tafadhali."

Alitazama tena. Hamna.

Nyumbani alimkuta mama mkwe barazani, kapakata papai lililopasuliwa, anakwangua mbegu kwa kijiko.

"Wameonekana?"

Sikudhani alilitazama lile papai, jekundu, limekwanguliwa mpaka likabaki tupu.

"Wameonekana, mama," alisema, akakinga kiganja apewe mbegu.