Sabuni ya Parachichi

Katika Chama cha Wanakemia, katibu anayemaliza muda wake hakabidhi mafaili. Hukabidhi mwaka wenyewe. Subilaga alikaa robo saa na kofia ya nyaya kichwani, na kumbukumbu za yote aliyoyafanya kwa ajili ya chama zikahamia kwa katibu mpya, Gwakisa: kupima maji ya visima, maonyesho ya shule za msingi, mafunzo ya sabuni. Yeye akabaki na cheti na kichwa chepesi. Alirudi kwao Tukuyu akipiga mluzi.

Mama yake alimpa maji ya kuoga na kipande cha sabuni ya kijani.

"Nzuri hii, mama. Umenunua wapi?"

"Acha utani! Si ulinifundisha mwenyewe, kwa mafuta ya parachichi? Ukaniunguzia sufuria niliyopewa harusini, tukacheka mpaka tukakaa chini."

Basi na hilo limekwenda na mwaka, aliwaza Subilaga. Akacheka, kwa adabu. Sabuni ilinukia vizuri kweli.

Jioni simu ya mama ikaita.

"Shikamoo mama. Naitwa Gwakisa, katibu mpya. Ile sufuria imetakata?"

"Marahaba, mwanangu! Wapi! Haijatakata mpaka leo!"

Mama akavuta kigoda, akakaa. Walicheka na Gwakisa mpaka akawa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Subilaga alisubiri kidogo, kisha akaenda jikoni kuitazama hiyo sufuria. Alikuta sufuria tatu, na zote zilikuwa zimeungua.